Ile nyasi ngumu ya Algeria si chakula cha kondoo

*Swali: "Mwalimu, shikamoo. Ninasoma stashahada ya uzalishaji mifugo, nyumbani ni Longido, mzee ana kondoo na mbuzi kama mia na arobaini. Nimeona picha za nyanda za juu za Algeria: mawe, upepo, na nyasi ya aina moja imesimama kama fagio lililochomekwa ardhini. Maelezo yanasema hapo ndipo penye kondoo wengi kuliko popote nchini humo. Wanakula nini? Ile nyasi? Na mbona wanasema inaisha, ni mifugo imezidi? Mbegu zake zikipatikana, naweza kupanda kwetu?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali manne ukidhani ni moja, na la kwanza ndilo linalofungua mengine. Ile nyasi kondoo hawaili. Au niseme wanaila wakikosa kingine, kama mtu anavyotafuna mizizi mwaka wa njaa. Inaitwa alfa, wengine huko hutamka halfa. Ukitaka kuielewa nchi ile, acha kuitazama alfa kama chakula, itazame kama nyumba. Chakula kinaota ndani ya nyumba hiyo na pembeni yake.

Kwanza ujue ulipo. Ukitoka pwani ya Algeria kwenda kusini unapanda milima ya Atlas ya Tell, kwenye mvua, ngano na mizeituni. Ukishaivuka unafika kwenye uwanda mpana ulioinuka, mita 800 hadi 1,200 hivi juu ya bahari, umebanwa kati ya milima hiyo na milima mingine ya kusini inayoitwa Atlas ya Sahara. Baada ya hiyo ni jangwa lenyewe. Uwanda huo una miji kama Djelfa, El Bayadh, Naâma na Mécheria. Pamoja na miteremko yake, nyika hii ya malisho inahesabiwa kuwa karibu hekta milioni 20. Mvua ni kati ya milimita 100 na 400 kwa mwaka, na inanyesha majira ya baridi na machipuko. Shika hapo, maana ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipojificha. Wakati wa joto hakuna mvua, kuna upepo mkavu kutoka Sahara unaochoma ngozi. Wakati wa mvua kuna jalidi, na El Bayadh theluji huanguka. Mmea wa huko unabanwa mara mbili kwa mwaka: kiangazi na ukame, kipupwe na baridi. Nafasi yake ya kukua ni wiki chache za vuli na miezi michache ya machipuko.

Mtu akipita kwa gari anaona kitu kimoja kisichokwisha. Akishuka ataona kwamba mimea imegawana ardhi kwa makini kuliko wapangaji wa nyumba za Kariakoo. Alfa inashika miteremko na vilima vyenye mawe, mahali maji yasipotuama. Ukiteremka hadi bonde tambarare lenye udongo laini wa tope, alfa inakoma na kijani kinageuka kijivu: hapo ni pa shihi, kichaka kifupi cha kufika nusu ya goti. Shihi ni ndugu wa pakanga yetu. Vunja kijiti chake, nusa, utajua. Kwenye mchanga na udongo wa jasi inakuja nyasi nyingine ngumu iitwayo senagh, ambayo mgeni huichanganya na alfa. Upande wa kusini, kwenye kokoto tupu, ni kichaka cha rimthi. Na kandokando ya mabwawa ya chumvi wanayoyaita shotti, kama Chott ech Chergui na Chott el Hodna, inaota mimea ya chumvi, hasa gataf, yenye majani ya rangi ya fedha. Mfugaji wa kule haulizi eneo lina majani au halina. Anauliza ni ardhi ya shihi, ya alfa au ya gataf, kisha anajua mwezi gani apeleke kundi.

Sasa twende kwenye shungi lenyewe la alfa, tupige magoti. Shungi kubwa linafika kiunoni. Kukiwa na unyevu, jani lake ni bapa kama utepe mwembamba. Jua likikaza, linajikunja ukingo kwa ukingo hadi linakuwa mrija mgumu, na vitundu vya kupumulia vinabaki ndani, kivulini, upepo usivifikie. Ndiyo maana pichani umeona fagio. Mara ya kwanza nilipojaribu kuling'oa jani kwa mkono mtupu lilinichana kidole. Wavunaji wa huko wana akili zaidi: wanazungusha fungu la majani kwenye kijiti kifupi halafu wanavuta kwa mara moja, jani linachomoka kwenye ala yake na shina linabaki. Ukilikata kwa mundu unaliumiza shungi. Ukilivuta majira ya machipuko, wakati linakua, linachomoka na chipukizi, kwa hiyo msimu huo uvunaji hufungwa. Shungi hupanuka kwenda nje mwaka hadi mwaka na katikati linakufa, hivyo mashungi ya zamani yana upara kama wazee.

Tenganisha majani kwa vidole vyako uangalie chini. Hapo ndipo penye mali. Upepo umepunguzwa, mchanga na majani makavu yamenaswa, udongo una unyevu zaidi kidogo kuliko nje. Baada ya mvua za vuli na za machipuko, kati ya shungi na shungi inachipua mimea midogo ya msimu mmoja: jamii za kunde zenye maganda yaliyojisokota kama konokono, nyasi laini za urefu wa kidole, na mimea yenye mbegu za mdomo mrefu kama sindano. Mimea hiyo inaota, inatoa maua, inaangusha mbegu na kufa ndani ya wiki chache. Kondoo wa nyanda za juu ananenepa kwa hiyo. Hata ikikauka, yale maganda yaliyoanguka yanaokotwa moja moja na midomo ya kondoo hadi katikati ya kiangazi. (Vuli ikinyesha vizuri, sehemu nyingine hutoa pia tirfasi, uyoga unaokua chini ya udongo, na hapo hata walimu huacha chaki wakaenda kuchimba.)

Mimea hiyo ya muda ikiisha, kondoo anarudi kwenye vichaka: shihi kwanza. Wataalamu wa malisho wa huko hupima chakula kwa kukilinganisha na kilo moja ya shayiri. Kilo ya alfa kavu inacheza kati ya robo na theluthi ya kilo ya shayiri. Shihi inakaribia nusu. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ni tofauti ya kondoo jike mwenye maziwa na asiye nayo. Alfa ina kitu kimoja tu ambacho kondoo anakipenda bila kulazimishwa, nayo ni masuke yake machanga ya machipuko. Bahati mbaya masuke ndiyo mbegu. Kundi likipita kila mwaka wakati huo, mashungi yanabaki na wazee watupu, bila watoto.

Kuhusu wanyama wenyewe, sahau kondoo wetu mwekundu wa Kimaasai mwenye mkia wa mafuta na manyoya mafupi. Wa kule wana sufu na mkia mwembamba. Anayetawala leo ni Ouled Djellal: mweupe, mrefu, miguu ya kutembea. Magharibi, upande wa mpaka wa Morocco, kuna Hamra, mdogo, kichwa na miguu ya rangi ya kahawia iliyoiva, anayevumilia upepo wa baridi kuliko yeyote. Kuna na Rembi, mwenye meno yasiyoisha haraka, kwa hiyo anaweza kutafuna vichaka vigumu miaka mingi kabla ya kutupwa nje ya kundi. Soko linapenda Ouled Djellal kwa sababu ni mkubwa, na Hamra anapungua. Mimi naona ni hasara, lakini mwenye kuuza siku ya Idi hupimiwa umbo, hapimiwi uvumilivu wa baridi.

Umeona basi: hakuna sehemu moja ya uwanda ule inayoweza kulisha kundi mwaka mzima. Watu wake walilijua hilo karne nyingi, wakaishi kwa safari mbili. Ya kiangazi iliitwa ashaba: mwezi wa Juni au Julai, ngano ikishavunwa kule Tell, makundi yalipanda kaskazini kula mabua, na mkulima akapata samadi. Ya kipupwe iliitwa azzaba: baridi ikija juu, makundi yalivuka Atlas ya Sahara kwenda kusini, kwenye rimthi na majani ya muda ya ukingo wa jangwa. Katikati, machipuko na vuli, ndipo walipokaa nyumbani kwenye shihi na alfa. Piga hesabu mwenyewe: malisho ya uwanda yalipumzika kiangazi kizima, na mengi yake kipupwe pia.

Hapo tumefika kwenye swali lako jingine, kama mifugo imezidi. Imezidi, sitakudanganya. Miaka ya 1960 Algeria nzima ilikuwa na kondoo chini ya milioni 10. Katikati ya miaka ya 2010 takwimu rasmi zilisema milioni 28 hivi. Lakini mtu akikupa jibu la "wamezidi" halafu akanyamaza, mwulize: walizidi vipi mahali ambapo chakula kilikuwa kinapungua? Wanyama hawaongezeki kwa kula upepo.

Waliongezeka kwa shayiri. Tangu ukame wa miaka ya 1970 serikali ilianza kuwauzia wafugaji shayiri kwa bei ya ruzuku. Nia ilikuwa njema. Zamani ukame mkali uliua sehemu kubwa ya kundi, familia zikafilisika, na bila mtu yeyote kupanga, malisho yakapumzika hadi kondoo waongezeke tena. Shayiri iliondoa kifo hicho, na ikaondoa na mapumziko. Kundi sasa linabaki pale pale mwaka wa ukame, asubuhi linakula shayiri kwenye kihori, mchana linazunguka likitafuta cha kusindikizia, yaani kila kijiti cha shihi kilichothubutu kuchipua.

Kisha likaja lori. Wenzetu wengi wakizungumza juu ya malisho hulisahau lori, na kwa maoni yangu lilibadilisha mambo kuliko sheria zote. Zamani habari ya mvua ilipofika, kundi lilitembea siku kumi kuifuata, na siku hizo kumi majani yalipata kuinuka. Leo mvua inanyesha jioni mahali fulani, simu inapigwa, na kabla ya wiki kuisha malori yameteremsha kondoo mia tatu na boza la maji nyuma yao. Wanakula chipukizi ambalo halijaona ua. Boza nalo linafungua maeneo yaliyokuwa hayalishwi kwa sababu tu hayana kisima. Ukosefu wa maji ulikuwa ndio uzio.

Na tatu, plau. Zile ardhi za shihi zina udongo laini unaolimika, na plau ya sahani inaligeuza bonde kwa siku mbili. Mtu anapanda shayiri, anavuna magunia machache ikinyesha, na isiponyesha hakuna kitu. Shihi iliyokuwa pale haipo tena, na upepo wa kiangazi unabeba ule udongo wa juu. Sheria ya malisho ya mwaka 1975 ilikataza kulima nyika hiyo. Lakini sheria ya mwaka 1983 ikaruhusu mtu apewe umiliki wa ardhi aliyoiendeleza, na kwenye ardhi ya pamoja ya kabila, njia rahisi ya kuonyesha kwamba hapa ni pangu ni kupitisha plau. Wengi waliolima hawakuwa na hamu ya shayiri hata kidogo. Ninyi wa Longido na Simanjiro hamhitaji nieleze zaidi.

Alfa ina na kisa chake cha kale zaidi. Tangu miaka ya 1860 viwanda vya karatasi vya Uingereza viligundua kwamba nyuzi zake zinatoa karatasi laini, isiyovimba, nzuri kwa vitabu. Kampuni ya Kifaransa ikapewa eneo kubwa la kuvuna upande wa Saïda na kujenga reli kutoka bandari ya Arzew ili kuzibeba. Wafanyakazi wengi walikuwa Wahispania, na mwaka 1881, katika uasi wa Sheikh Bouamama dhidi ya utawala wa Kifaransa, kambi zao zilishambuliwa. Wenyeji waliona malisho yao yakipakiwa kwenye mabehewa. Hata hivyo, uvunaji wenyewe ukifanywa kwa kijiti na kwa msimu hauiui alfa. Ikiachwa kabisa inajisonga kwa majani yake mafu.

Serikali ya huko haikukaa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya Rais Boumediène, walianza Ukuta wa Kijani: ukanda wa miti wa kilomita 1,500 kutoka mpaka wa Morocco hadi wa Tunisia, upana kama kilomita 20, vijana wa jeshi wakipanda. Walipanda msonobari wa Aleppo karibu peke yake. Ni mti mzuri, lakini mwingine uliwekwa kwenye ardhi isiyo yake, mwingine juu ya alfa iliyokuwa hai, viwavi wakaushambulia, na mfugaji aliyefungiwa njia hakuwa na sababu ya kuulinda. Siku hizi mpango umefufuliwa kwa aina nyingi za miti, na hilo ni jema. Kilichofaulu zaidi hakipigwi picha sana: shirika la kuendeleza nyika hiyo lenye makao Djelfa, lililoanzishwa mwaka 1981, hufunga vipande vya malisho kwa miaka miwili mitatu, halafu huvifungua kwa muda maalum kwa kodi. Shihi ikipewa mapumziko inarudi, nawe utashangaa kasi yake. Wasukuma wanalo jambo hilo hilo kwenye ngitili, na wazee wako kwenye alalili. Alfa ndiyo haisamehi. Mbegu zake huota kwa nadra, na shungi likishakufa na udongo ukajifunika gamba jembamba gumu linalotiririsha maji, unaweza kufunga miaka kumi usione mche.

Namna ya kujua malisho ya kule yamefika wapi, angalia kile ambacho kondoo wanakiruka. Karibu na visima na kambi utaona harmali, kijani kibichi, nzuri kwa macho, na hakuna mnyama anayeigusa. Ni sawasawa na ndulele kuzunguka boma la zamani. Lakini uwanda una na mlinzi wake. Kuna mkunazi mfupi wa miiba, ndugu wa mkunazi unaoujua, unaoota kama kilima cha miiba kwenye mabonde. Ndani yake, mahali pua ya mbuzi haifiki, mbegu ya mbutumu, yaani mpistachio wa Atlas, inachipua. Miaka inapita, mche unapenya juu ya miiba, na siku moja kuna mti mkubwa wenye kivuli mahali hapakuwa na mti kilomita kadhaa. Ng'oa mkunazi upate kuni, na mbutumu wa kesho umeung'oa.

Wanyamapori nitasema kidogo. Swala bado wapo, wa jangwa na yule wa milimani, wachache na waoga. Milimani kuna kondoo-mwitu wa Barbari. Ndege wakubwa wa nyikani, tandawala, wamewindwa sana kwa vipanga. Lakini yupo mmoja utakayemwonea uchungu: kongoni. Ndiyo, huyu huyu wetu mwenye uso mrefu alikuwa na ndugu wa spishi moja naye kule kaskazini, akila kwenye nyanda hizo. Bunduki za karne ya 19 zilimpunguza mno, na wa mwisho kujulikana akiwa kifungoni alikufa Paris mwaka 1923.

Sasa mbegu. Usizitafute. Alfa inakua kwa mvua ya baridi, nyasi zenu za Longido zinakua kwa mvua ya joto. Ungepanda mmea unaotaka kulala wakati wenu wa mvua na kuamka wakati wenu wa ukame. Hata ungeota, ungekuwa umeleta theluthi ya kilo ya shayiri mahali penye nyasi kama Cenchrus ciliaris inayoishinda alfa kwa mbali. Gataf ina maana zaidi, kwenye ardhi ya chumvi tu, na mnyama anayeila anakunywa maji mengi mno, kwa hiyo hesabu lambo kwanza. Na kabla ya kuleta kichaka cha kigeni, nenda Baringo, Kenya, uwaulize kuhusu mti wa miiba uitwao mathenge. Uliletwa miaka ya 1980 kuokoa nchi kavu. Mwaka 2006 wakazi walifika mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno kwa maganda yake.

Unachoweza kuchukua Algeria ni kupiga magoti. Tengeneza fremu ya mita moja kwa moja kwa fimbo nne. Iweke mahali kumi ndani ya alalili ya mzee na mahali kumi nje. Kila mara hesabu mashungi ya nyasi za kudumu yaliyo hai, yaliyokufa, na miche mipya. Fanya hivyo wiki mbili baada ya mvua za masika kuanza, urudie zikiisha. Ukikuta mashungi mengi na miche hakuna, niandikie upesi. Hapo tutazungumza na mzee juu ya mwezi gani kondoo wanaingia, tukianza na ule wa masuke.